Mbele ya Kuingiza Kitanda, Angalia Ukuta



Kila mwisho wa mwezi tunaona jambo moja hapa Mulongo. Baisikeli zinapita zimebeba vitanda, masufuria, mikeka, magodoro, na kuku amefungwa miguu juu ya kiti. Mtu anahama. Mwenye nyumba ameongeza bei, ao watoto wamekuwa wengi, ao bibi hapatani na jirani, ao kazi imemwita pahali pengine. Asubuhi anafunga mizigo yake, na mangaribi mwingine anafungua yake katika vyumba vile vile. Katikati ya hao wawili hakuna hata siku moja. Hakuna udongo mpya ukutani, hakuna chokaa, hakuna neno. Pengine hawajuani hata jina.

Mimi natumika katika dispensari, na maneno ya bei ya nyumba si kazi yangu. Lakini ninapouliza mgonjwa mwenye homa, "Unalala wapi, na tangu lini?", mara nyingi jibu lake linanisaidia kuliko kipimo cha joto.

Nitawasimulia nyumba moja, bila kusema iko barabara gani. Ni nyumba ya matofali mabichi, majani juu, vyumba viwili, chini udongo mtupu. Mpangaji wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mtumishi wa posti ya usiku. Mimba ya bibi yake iliharibika katika mwezi wa saba. Walilia, wakahama. Nyuma yao aliingia mwalimu. Mtoto wao alizaliwa mfu. Wakahama nao. Mpangaji wa tatu aliipata nyumba kwa bei ndogo sana, sababu watu walikuwa wamekwisha kusema ina bulozi. Yeye akaona ni bahati. Kusudi atulie moyo, alimwita mtu wa dawa, akazika kitu mlangoni, akalipa mbuzi mmoja.

Nyuma ya majuma matatu walimleta kwetu juu ya baisikeli, kichwa kinamwuma, mgongo unamwuma, mwili moto kama mbabula. Alikuwa amekwisha kumeza dawa ya malaria mara mbili. Mara ya kwanza homa ilishuka, akarudi kazini, akasema dawa ni nzuri. Siku ya saba homa ikarudi. Mara ya pili vile vile. Ndipo tulipotoa tone la damu kidoleni wakati homa iko juu, tukalitazama katika mikroskopi. Tukaona vidudu vyembamba, vimejipinda kama uzi wa parafujo. Ilikuwa homa ya kimputu.

Jioni ile nilikwenda na toshi katika nyumba yake. Kitanda kiligusa ukuta, na nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa na ufa mmoja mrefu kuanzia chini. Nilichimba kwa kisu kidogo. Katika urefu wa kiganja kimoja niliwatoa kimputu kumi na mmoja, rangi ya udongo, wamekunjamana kama punje za maharagi makavu. Bibi yake alitazama, akasema, "Hao tunawaona kila siku. Tulifikiri ni wadudu wa ukuta tu."

Basi bulozi ile ilikuwa na miguu minane.

Nataka mmwelewe vizuri mdudu huyu, sababu yeye ndiye mpangaji wa kweli wa nyumba zetu nyingi. Hafanani na kupe wa ng'ombe ao wa mbwa anayejishika mwilini siku nyingi. Kimputu anaishi katika ufa wa ukuta, katika vumbi la chini, chini ya mkeka, katika miguu ya kitanda. Mchana amejificha. Usiku anatoka, anakunywa damu kwa muda mfupi, pengine nusu saa, anarudi katika ufa wake. Mtu hasikii kitu. Asubuhi anaona alama ndogo tu, ao haoni neno. Na jambo linaloniogopesha zaidi ni hili: anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba ikifungwa mwaka mzima, yeye hafi. Anangoja. Tena ugonjwa unaweza kupita kutoka kwa mama kimputu kuingia katika mayai yake, hata wadogo wanaozaliwa wanakuwa nao mbele hawajamwuma mtu yeyote.

Watu wa inchi hizi walimjua na kumwogopa tangu zamani. Waganga wa Ulaya walichelewa. Waingereza walimtuma munganga Joseph Everett Dutton wa shule ya Liverpool, pamoja na John Lancelot Todd, kuja kuchunguza magonjwa katika inchi hii, wakati ule ikiwa chini ya Leopold wa Pili. Hao wawili walionyesha kwamba kimputu ndiye anayepitisha homa hii. Dutton mwenyewe aliugua, akafa Kasongo, kule chini ya mto wetu huu Lualaba, katika mwezi wa Februari 1905. Kidudu kile tulichokiona katika damu ya mtumishi wetu kinaitwa mpaka leo kwa jina lake, *Borrelia duttonii*. Katika mwaka ule ule Robert Koch, Mdachi, alikuwa akichunguza jambo hilo hilo upande wa inchi inayoitwa leo Tanzania. Wote waliona kimputu wengi katika nyumba za njiani, pahali wapagazi na wasafiri walipokuwa wakilala usiku mmoja mmoja. Leo anakuja na huku akienda, kesho mwingine, na mdudu anakula kwa wote.

Sasa fikirini. Nyumba ya kupanga inayobadilisha watu mara tatu kwa mwaka ina tofauti gani na nyumba ile ya wapagazi?

Homa hii inapona. Tuna dawa zake, na si za bei kubwa. Lakini msinunue vidonge sokoni kwa kusikia tu jina, sababu dawa ya kwanza inapoua vidudu vingi kwa mara moja, mgonjwa anaweza kutetemeka na kuzimia, na inafaa awe mbele ya mtu anayejua kazi hiyo. Kwa mama mwenye mimba ndiyo hatari kubwa. Mimba inaharibika, ao mtoto anazaliwa mbele ya wakati, ao anazaliwa mfu. Wale wamama wawili wa kwanza sikuwapima damu, na siwezi kuapa. Lakini mimi nina wazo langu.

Na sasa nasema lile lililonifanya kuandika, na najua wengine hawatalipenda.

Wazee wetu waliotumika Union Minière, na nyuma yake Gécamines, walikaa katika kambi. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mtumishi akitoka, watu wa usafi walipita, wakatazama, wakapiga dawa, wakapaka chokaa, kisha mwingine akaingia. Sisemi kambi ilikuwa paradiso. Mtu akifukuzwa kazi, alifukuzwa na nyumba kwa siku hiyo hiyo ya hesabu. Bwana akifa, mjane alijua siku zake zimehesabiwa. Hakuna anayetamani hayo. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia ukuta mbele mpangaji mpya hajaingia.

Leo mtu huyo hayuko. Katika miaka 2003 na 2004 Gécamines ilitoa watumishi zaidi ya 10,000 kwa mara moja, na kambi nyingi zikawa mitaa kama mitaa mingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwambia mwenye kazi ampe mtumishi nyumba, ao, kama hana, ampe franka za nyumba. Kampuni nyingi zinachagua franka. Ni rahisi: mstari mmoja katika karatasi ya mshahara. Lakini ufa wa ukuta hauonekani katika karatasi ya mshahara. Tukishuka katika shimo, kapita anagonga mwamba kwa chuma mbele watu hawajaingia, na asipofanya hivyo anaadhibiwa. Mtu huyo huyo anatoka kazini, anakwenda kulala saa nane katika nyumba ambayo hakuna aliyeigonga. Kisha Jumatatu hayuko kazini, na sisi tunaandika "malaria" katika kitabu.

Mimi naona usalama wa kazi haukomi mlangoni mwa kampuni. Inafaa mtu mmoja wa afya apewe siku moja kwa juma kuzunguka katika nyumba ambazo watumishi wanahamia. Siombi motokari. Baisikeli, toshi na kisu kidogo vinatosha, pamoja na ruhusa ya mwenye nyumba.

Wenye nyumba nao wasinicheke. Nimeongea na mmoja, mama mzee mjane, anaishi kwa kodi ya vyumba vinne. Aliniambia, "Mwanangu, wapangaji ndio wanaoharibu. Wanavunja mlango, wanapasua makala ndani, wanakimbia bila kulipa mwezi wa mwisho. Nitasiriba kwa franka gani?" Neno lake ni kweli. Lakini nilimwuliza: na ile garanti? Mpangaji akiingia anaweka miezi kadhaa mbele. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema kwa nyumba ya kukaa garanti isipite miezi mitatu. Pahali pengi wanadai zaidi, na watu wanalipa sababu hawana pa kulala. Franka zile zinakwenda wapi? Zinaliwa siku ile ile, na siku ya kutoka ndiyo siku ya matusi. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema zake zilikwenda shuleni kwa mjukuu. Sikuwa na la kujibu.

Hata hivyo nashauri hivi. Siku ya kukubaliana, mchukue karatasi moja ya daftari. Muandike hali ya chini, kuta, manjanja ao majani ya juu, mlango, musalani, pahali pa maji. Shahidi mmoja wa kila upande atie mkono. Muandike tena kwamba sehemu fulani ya garanti ni ya kusiriba nyumba siku mpangaji anapotoka, na kwamba nyumba itakaa siku mbili ao tatu ikisiribwa na kukauka mbele mwingine hajaingia. Mwenye nyumba atasema anapoteza siku tatu za kodi. Ni kweli, anapoteza. Lakini nyumba iliyosemwa ina bulozi inapoteza zaidi, na yule mwenye nyumba wa habari yangu anajua.

Wapangaji wengi wananiambia, "Siwezi kutia nguvu zangu katika ukuta wa mwingine. Nikiitengeneza, kesho anaongeza bei sababu imekuwa nzuri." Ninajua inatokea. Nimeona kwa macho. Kwa hiyo msitengeneze kimya-kimya: mpatane kwanza, muandike katika ile karatasi, franka za saruji ao za mtu wa kusiriba zitoke katika kodi. Lakini kama mwenye nyumba anakataa kabisa, na wewe huna pengine pa kwenda, siriba vile vile kwa udongo, hata chumba kimoja cha kulala. Udongo wa kusiriba hauuzwi, na kazi ni ya siku mbili. Ziba kila ufa, piga chini pakauke paimarike. Ukiwa na uwezo wa saruji, anza na chini ya chumba cha kulala, si na sebule ya wageni. Songeza kitanda mbali na ukuta. Tandika chandarua, uingize ncha zake chini ya godoro. Inasaidia kwa mbu na kwa kimputu pia. Watoto ndio wanaolala chini juu ya mkeka, na wao ndio wa kwanza kuumwa. Kitanda cha fito kinatosha.

Mbele ya kutoa garanti, nenda kuona nyumba mchana, si jioni kwa taa ya simu. Uende na bibi, sababu wamama wanaona mambo ambayo sisi hatuoni. Wanauliza maji yanatoka wapi. Hapa kwetu swali hilo ni la uzima na kifo. Kolera imefanya makao katika vijiji vya mto na maziwa yetu ya Haut-Lomami, na kila mara inarudi. Katika mwaka 2017 inchi yetu ilihesabu wagonjwa wa kolera zaidi ya 50,000, na zaidi ya 1,000 walikufa. Tazama musalani iko wapi na kisima kiko wapi. Kati yao iwe angalau metri 30, na musalani iwe upande wa chini wa lupango, si wa juu. Ukiona lupango moja ina familia sita na musalani moja iliyojaa, hata bei iwe nzuri namna gani, rudi. Na katika masika uliza majirani maji ya mto yanafika wapi. Mwenye nyumba hatakuambia.

Tazama dirisha pia. Wengi wanalifunga kwa matofali wakiogopa wezi. Chumba bila dirisha ni nyumba nzuri ya kifua kikuu. Hapa niondoe woga mmoja: watu wanakataa nyumba ambamo mgonjwa wa kifua alikaa, ao wanachoma vikombe vyake. Kifua kikuu hakikai katika kikombe. Kinapita katika hewa, kutoka kwa mgonjwa anayekohoa ambaye hajaanza dawa. Fungua madirisha siku chache, jua na upepo viingie, nyumba inafaa. Na usiku wa kwanza, mmechoka, kuna baridi, msiingize mbabula ya makala ndani na kufunga mlango. Moshi usioonekana wa makala unaua watu wakiwa usingizini, bila harufu ya kuwaamsha.

Kwa wale wanaopelekwa Kolwezi na miji mingine ya shaba, neno moja zaidi. Ulizeni kama katika nyumba ile walichimba, walipasua ao waliweka mawe ya madini. Katika mtaa wa Kasulo, pale Kolwezi, kuanzia mwaka 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza katika mwaka 2018 kwamba vumbi la nyumba zile lilijaa kobalti, na watoto wake walikuwa nayo katika mkojo kuliko wakubwa. Nyumba kama ile msiifagie kavu. Mimina maji kwanza, kisha osha chini kwa kitambaa chenye maji.

Sasa maneno ya kutoka, ambayo watu hawayasikilizi, sababu moyo umekwisha kuhama.

Kimputu hana mabawa. Anatembea njia ndefu kwa sababu sisi tunambeba: katika mkeka uliokunjwa, katika mshono wa godoro, katika ufa wa kitanda cha mti, katika kikapu. Ndiyo namna alivyofuata njia za wapagazi, na ndiyo namna anavyofuata baisikeli zetu leo. Basi siku ya kuhama usifunge mizigo gizani. Toa yote nje juani, kung'uta mikeka na mablanketi mbali na mlango, osha nguo za kulalia kwa maji ya moto, mwaga maji yanayochemka katika viungo vya kitanda. Ukiona kimputu usimpasue kwa vidole, mtupe motoni.

Kama kuna mtu katika nyumba anayekunywa dawa ya kifua kikuu, asihame kabla hajapita kwetu. Dawa ile ni ya miezi sita. Wengi wanakunywa miwili, wanahama, wanasikia nafuu, wanaacha. Tunawapatia karatasi ya kupeleka katika hospitali ya pahali papya, wanaendelea bila kuanza upya. Vilevile karte ya chanjo ya mtoto: iwekwe pamoja na franka, si pamoja na masufuria. Katika mwaka 2015 shurua ilipoingia upande wetu wa Malemba-Nkulu, tulijua bei ya chanjo iliyokosekana.

Na mwisho wa kuhama, zungumza na anayeingia. Najua ni jambo la haya. Hakuna anayependa kusema, "Katika chumba hiki mtoto wangu aliugua." Anaogopa kusemwa vibaya, anaogopa mwenye nyumba atamshika kwa garanti. Mpangaji wa kwanza wa ile nyumba yangu, nilikutana naye nyuma, sokoni, anauza samaki pamoja na bibi yake. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mwalimu. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba nyumba inakula watoto? Angenicheka." Bibi yake aliendelea kupanga samaki, hakuinua macho.

Nyumba ile ilisiribwa yote, chini pakatiwa saruji. Nusu alilipa mwenye nyumba, nusu ilitoka katika kodi. Mpangaji wa tatu yungali mle. Mwezi uliopita bibi yake alikuja kupimwa mimba, mwezi wa tano. Tulitazama damu yake, ilikuwa safi.

Anayehama mwezi huu, na aliye na homa inayokwenda na kurudi, apite dispensari siku homa iko juu, asingoje ishuke. Tone moja la kidole linatosha.